Maji "Safi", Maji ya Betri na Maji Yaliyokenekwa: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Ufundi

Utangulizi

Kazi nyingi zinazoletwa mezani petu kwa ajili ya ushauri ni barua za ofisi, hotuba na miswada ya vitabu vya shule. Safari hii tumeletewa kijitabu chembamba kilichofasiriwa kutoka Kiingereza. Kinamwelekeza msomaji namna ya kujitengenezea nyumbani mfumo wa kupoza kompyuta kwa maji, na namna ya kuyatayarisha maji yenyewe jikoni kwa sufuria na barafu.

Aliyetuletea ni mwalimu wa ufundi, na barua yake ilikuwa fupi. Mwanafunzi wake alikisoma kijitabu hicho, akakuta mahali pameandikwa kwamba asiyetaka taabu ya kuchemsha anaweza kununua "maji ya betri". Akaenda katika duka la vipuri vya magari, akaomba maji ya betri, akapewa chupa ya asidi. Kwa bahati njema mwalimu aliisoma lebo kabla kizibo hakijafunguliwa. Mwalimu anatuuliza: kosa ni la nani? Ni la mwanafunzi, la muuza duka, la mfasiri, au la Baraza?

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo. Mfasiri na mchapishaji hatutawataja, kwani shabaha yetu si kumwaibisha mtu. Makosa tutakayoyaonyesha yanapatikana katika tafsiri nyingi za ufundi, na baadhi yake yamepata kupita mikononi mwetu wenyewe bila ya kukemewa. Aidha, kijitabu chenyewe si kibaya. Sentensi zake ni Kiswahili, mpangilio wake unafuatika, na mfasiri amejitahidi kuepuka maneno ya kigeni yasiyo na lazima. Kasoro yake kubwa imo katika maneno machache tu. Lakini katika kazi za ufundi maneno machache ndiyo yanayobeba hatari.

Jambo lenyewe

Hapana budi kwanza tulieleze jambo lenyewe, kwani mhakiki wa istilahi asiyelielewa jambo huishia kubishana juu ya viambishi.

Kompyuta inapofanya kazi, karibu umeme wote unaoingia katika kichakataji chake hugeuka kuwa joto. Joto hilo lisipoondolewa, kichakataji hupunguza kasi yake, au hujizima, au huharibika. Kompyuta nyingi huondolewa joto kwa feni inayosukuma hewa. Lakini maji ni mchukuzi hodari zaidi kuliko hewa: lita moja ya maji, ikipanda joto kwa nyuzi moja, huchukua joto zaidi ya mara 3,000 ya lile linalochukuliwa na lita moja ya hewa. Wazo la kuyatumia si jipya. Kompyuta kubwa ya IBM 3081, iliyotangazwa mwaka 1980, ilipozwa kwa maji. Jambo jipya ni kwamba siku hizi vijana wapendao kompyuta hununua vifaa kimoja kimoja na kuuunda mfumo huo wao wenyewe mezani.

Vifaa vyenyewe si vigumu kuvielewa. Kuna kipande cha shaba chenye vijia vyembamba ndani yake, nacho hukaa juu ya kichakataji. Kuna mipira ya kupitishia maji, pampu ndogo, tangi dogo, na rejeta yenye feni. Maji hupita katika kipande cha shaba yakalipokea joto, yakaenda katika rejeta yakalitoa, kisha yakarudi. Mtu anayeijua rejeta ya gari anaujua mfumo huu.

Maji ya bomba au ya kisima hayafai kwa kazi hii. Ndani yake mna chumvi za kalisi, magnesi na kadhalika. Tumeziona chumvi hizo katika birika la chai: ndizo zinazoacha utando mweupe mgumu chini yake. Katika birika utando huo huudhi tu, lakini katika vijia vya shaba vyembamba kuliko ukucha huziba njia na kuzuia joto lisitoke. Tena chumvi hizo huongeza upitishaji wa umeme katika maji, na huharakisha kuliwa kwa metali, hasa pale fundi anapochanganya shaba na alumini katika mzunguko mmoja.

Kwa hiyo maji hukenekwa. Kijitabu kinaeleza njia ya jikoni, na maelezo ya hatua zake ni mazuri. Sufuria kubwa hutiwa maji kiasi. Katikati yake huwekwa bakuli juu ya kigoda cha waya, lisiguse maji. Kifuniko hugeuzwa juu chini, kishikio kikaelekea ndani, na juu yake huwekwa barafu. Maji yanapochemka, mvuke hupanda, hugusa kifuniko baridi, hugeuka matone, nayo matone huteremka hadi kwenye kishikio na kudondoka ndani ya bakuli. Chumvi hubaki chini ya sufuria, kwa sababu hazipandi pamoja na mvuke. Kazi hii hula moto mwingi: kuigeuza lita moja ya maji yenye nyuzi 25 iwe mvuke wote kunahitaji kama kilojuli 2,570, yaani takriban uniti 0.7 ya umeme, mbali na joto linalopotea jikoni. Lakini mfumo mdogo hauhitaji maji mengi, na mwenye subira huyapata.

Hayo ndiyo mambo yanayotakiwa kuelezwa kwa Kiswahili. Sasa na tuone yalivyoelezwa.

"Safi" ni sifa, si istilahi

Katika kijitabu chote, neno linalotumika mara nyingi kuyataja maji hayo ni "maji safi". Penginepo ni "maji safi kabisa", na penginepo "maji yaliyosafishwa". Msomaji wa Kiswahili atakapoyasoma maneno hayo ataelewa nini? Ataelewa maji yasiyo na taka, yasiyo na harufu, yanayonyweka. Atakwenda bombani, au atanunua chupa ya maji ya kunywa, naye hatakuwa amekosea katika Kiswahili chake. Amefanya kama alivyoambiwa.

"Safi" ni neno la kusifu. Hueleza jinsi kitu kinavyompendeza au kumfaa anayekitazama. Kwa mpishi, maji safi ni yale yasiyo na mchanga. Kwa bwana afya, ni yale yasiyo na vijidudu. Kwa mkemia, ni yale yasiyo na kitu kingine chochote isipokuwa maji. Wote watatu wana haki, lakini hawasemi jambo moja. Waliozoea kuandika "maji safi na salama" katika hotuba na mipango ya maji walilihisi jambo hili: waliona kwamba "safi" peke yake haitoshi, wakaongeza "salama". Hilo lilikuwa jambo la busara, na wafasiri wa ufundi wangefaa kujifunza kutokana nalo.

Wala tusidhani kwamba utata huu unawahusu wapenzi wa kompyuta peke yao. Tuchukue mfano wa maji ya kaskazini mwa Tanzania, katika maeneo ya Arusha na Meru, ambako visima na chemchemi nyingi zina floridi kuliko kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi hiyo huyatia meno madoa ya kahawia, na ikizidi huidhuru mifupa. Maji hayo yakichemshwa, vijidudu hufa. Lakini floridi haiondoki. Kwa kuwa sehemu ya maji hupotea kama mvuke, floridi iliyobaki huwa nyingi zaidi katika kila lita. Bwana afya akiandika katika tangazo lake "chemsheni maji yawe safi", ameandika kweli kuhusu kipindupindu na uongo kuhusu floridi, na yote mawili kwa neno moja. Maji yaliyochemshwa, maji yaliyochujwa na maji yaliyokenekwa ni vitu vitatu. Anayeviita vyote "safi" amevificha vyote vitatu.

Kuna hatari nyingine ya neno hilo katika kijitabu chetu. Baada ya maji kutiwa katika mfumo, kijitabu kinaagiza yaongezewe dawa ya kuzuia ukungu na dawa ya kuzuia kutu. Dawa nyingine za aina hii zina glikoli ya ethilini, ambayo ina ladha tamu na ni sumu. Hata hivyo mfasiri ameendelea kuyaita "maji safi" mpaka ukurasa wa mwisho, hata pale anapoeleza namna ya kuyamwaga na kuyahifadhi katika chupa. Chupa iliyoandikwa "maji safi" katika nyumba yenye watoto si jambo la mzaha.

Maji ya betri

Tumefika kwenye neno lililomtia mwanafunzi matatani. Hapa inatupasa tuwe waangalifu, kwa sababu "maji ya betri" si neno la mfasiri. Ni neno la watu. Mafundi wa magari wanalo, wauza vipuri wanalo, na madereva wanalo. Kanuni yetu ya siku zote ni kwamba neno lililokwisha kukubaliwa na watumiaji lisitupwe kwa ajili ya neno la mezani. Tunakumbuka vema yaliyoipata "ngamizi", iliyopendekezwa badala ya "kompyuta". Wananchi waliisikiliza, wakaiheshimu, wakaendelea kusema "kompyuta".

Lakini kanuni hiyo ina sharti lake: neno la watu hushika pale linapotaja kitu kimoja. "Maji ya betri" hayataji kitu kimoja. Katika gereji fundi hutia vitu viwili katika betri ya gari. Betri mpya iliyo kavu hutiwa asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri iliyokwisha kutumika, maji yake yanapopungua kwa joto na kwa kuchajiwa, huongezewa maji yasiyo na chumvi, si asidi. Chupa zote mbili huuzwa katika duka moja, aghalabu katika rafu moja, na vinywani mwa wengi zote mbili ni "maji ya betri". Fundi hapotei, kwa sababu anaijua betri iliyo mbele yake, na muuza duka humwuliza: ya kuanzia au ya kuongezea? Lakini mwanafunzi hakuwa na betri mbele yake. Alikuwa na kijitabu tu.

Tena, hata katika maana yake ya pili, neno hili halisemi maji hayo yametengenezwaje. Maji ya kuongezea katika betri yaweza kuwa yamekenekwa, na yaweza kuwa hayakuchemshwa hata mara moja, bali yamepitishwa katika vidonge maalumu vinavyonasa ayoni za chumvi. Hayo tunayaita maji yaliyoondolewa ayoni. Kwa mfumo wa kompyuta aina zote mbili zafaa. Lakini kwa mwalimu wa kemia hazifanani: ukenekaji huacha nyuma kila kisichopanda na mvuke, ilhali vidonge vya kunasa ayoni havina nguvu juu ya vitu visivyo na chaji ya umeme.

Twaona basi kwamba neno limetaja mahali kitu kinapotumika, halikutaja kitu. Mahali pakibadilika, kutoka gereji hadi mezani pa kompyuta, neno linabaki halina mguu wa kusimamia.

Kukeneka na wapinzani wake

Kitenzi "keneka" kimo katika kamusi. Mfasiri wetu amekitumia mara moja tu, tena kwa kukikosea, alipoandika "maji yaliyokeneka". Kwingineko kote ametumia maneno mengine manne: kuchuja, kutonesha, kugandisha na kupika. Tuyapime moja moja.

"Kuchuja" ni kupitisha kiowevu katika kitambaa, mchanga, au chujio. Chai huchujwa, tui huchujwa. Chumvi iliyokwisha kuyeyuka hupita katika kitambaa pamoja na maji yake. Mtu atakayechuja maji ya bahari kwa shuka safi siku nzima, jioni atakunywa chumvi ile ile. Neno hili halifai.

"Kutonesha" kuna mantiki, kwa sababu matone yapo. Lakini katika masikio ya wengi kutonesha ni kukigusa kidonda kikauma upya. Aidha, kutonesha ni hatua moja tu ya kazi, ile ya mvuke kurudi kuwa matone. Tunaweza kulitumia kwa hatua hiyo, lisichukue nafasi ya kazi nzima.

"Kugandisha" ni kosa la wazi. Kijitabu kinasema barafu juu ya kifuniko "huufanya mvuke ugande". Maji yakiganda huwa barafu, mafuta yakiganda huwa donge. Mvuke ukigusa kifuniko baridi hauwi barafu wala donge, huwa maji. Pasipokuwa na haja ya istilahi, mfasiri angesema kwa maneno ya kawaida: mvuke hupoa ukarudi kuwa maji. Si kila tendo linadai jina.

"Kupika" ndilo neno linalotufikirisha zaidi. Limetoka wapi? Limetoka kwa wapika gongo. Kazi ya kuchemsha kiowevu, kuunasa mvuke wake na kuupoza inajulikana kote tunakozungumza Kiswahili: gongo Tanzania, chang'aa Kenya, waragi Uganda. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78, kabla ya maji, na ndiyo maana hutangulia kupanda. Anayekeneka maji nyumbani hutumia elimu hiyo hiyo kwa kinyume: humwaga matone ya mwanzo, ili vitu vinavyotangulia kupanda visiingie katika chupa yake. Hata onyo ni moja. Wapo waliotumia rejeta kuukuu za magari kupozea mvuke wa pombe, na risasi iliyomo katika maungio ya rejeta hizo ikawadhuru wanywaji. Basi kwa nini tusichukue "kupika"? Kwa sababu maji yanayopikwa jikoni ni maji yanayochemshwa tu, na msomaji asiye mpika gongo ataelewa hivyo. Tumelikataa neno hili kwa sababu ya utata wake. Hatukulikataa kwa kuwaonea haya wenye neno.

Wala elimu hii si ya pombe peke yake. Wenyeji wa pwani wanayajua marashi ya waridi. Katika milima ya Jebel Akhdar huko Oman marashi hayo hutengenezwa kwa njia ya kale: maua hutiwa katika chungu chenye joto, juu yake huwekwa chombo chenye maji baridi, na matone hukusanywa katika chombo kilichowekwa ndani. Ni sufuria, bakuli na barafu za kijitabu chetu. Na huko Wawi, Pemba, kiwanda cha makonyo hukamua mafuta ya mkarafuu kwa nguvu ya mvuke. Jambo hili, basi, si geni kwetu. Kilichokosekana ni neno moja la kuunganisha marashi, makonyo, gongo na maji ya maabara, wasomaji waone kuwa ni kazi moja.

Neno hilo ni kukeneka. Tatizo lake ni la kisarufi na ni dogo. Mwisho wake wa -eka unawafanya watu walidhanie kuwa ni la kutendeka, kama "someka" au "sikika", ndipo wakaandika "maji yaliyokeneka" kana kwamba yalijikeneka yenyewe. Lakini Kiswahili kina vitenzi vingi vya kutenda vyenye mwisho huo: tunaweka, tunateka. Maji tuliyoyateka kisimani ni maji yaliyotekwa. Vivyo hivyo maji tuliyoyakeneka ni maji yaliyokenekwa. Anayekumbuka kisima hatakosea.

"Hayapitishi umeme"

Kosa hili si la msamiati bali la kukanusha, nalo ni kubwa kuliko yote. Kijitabu kinasema maji yaliyotayarishwa kwa njia hii "hayapitishi umeme". Hatuna shaka kwamba chanzo kilisema hupitisha umeme kidogo. Mfasiri ameona "kidogo" na "hapana" ni ndugu.

Hata maji yasiyo na kitu kingine chochote hupitisha umeme, ingawa kwa uchache mno: kama maikrosimensi 0.055 kwa sentimita katika nyuzi 25. Yakikaa wazi kwa muda, hufyonza hewa ya ukaa, na kipimo chake huelekea maikrosimensi moja. Yakizunguka wiki kadhaa katika shaba, mipira na rejeta, huchukua vipande visivyoonekana vya metali na vumbi, na kipimo huzidi kupanda. Maji yaliyokuwa mpole siku ya kwanza si mpole siku ya sitini. Tena yakivuja juu ya bamba la kompyuta, huyeyusha vumbi na chumvi zilizopo hapo, na papo hapo huwa maji mengine.

Msomaji aliyeambiwa "hayapitishi umeme" ataujaribu mfumo wake mpya huku kompyuta ikiwa imewashwa. Aliyeambiwa "hupitisha umeme kidogo sana, na zaidi kadiri siku zinavyopita" ataizima kompyuta, ataiendesha pampu peke yake, na ataweka karatasi kavu chini ya maungio ili aone kama panavuja. Tofauti ya sentensi hizo mbili si ya mtindo. Ni tofauti ya kompyuta nzima na kompyuta iliyoungua, na penginepo ya mkono wa mtu.

Mahali mfasiri alipozidisha

Tumesema mfasiri alipopunguza. Haki inatudai tuseme pia alipozidisha. Rejeta ameiita "kifaa cha kusambazia joto hewani". Pampu ameiita "kisukuma maji". Mpira ameuita "neli nyumbufu". Hapa ametupa maneno ambayo kila kijana wa gereji anayo, na ambayo hayana utata wowote. Rejeta ni rejeta, iwe katika lori au katika kompyuta: kazi yake ni moja na umbo lake ni moja.

Twaona kijitabu kimekwenda kinyume mara mbili. Kimelishika neno la mtaani pale lilipokuwa na maana mbili za hatari, kikaliacha pale lilipokuwa na maana moja ya wazi. Mfasiri angeyageuza mambo hayo mawili, nusu ya makala haya isingeandikwa.

Kuna pia suala la "kupoza" na "kupooza". Mara tatu kijitabu kinaandika "mfumo wa kupooza kompyuta". Labda ni kosa la mpigachapa. Lakini kwa kuwa katika matumizi ya kila siku aliyepooza ni yule asiyeweza kutikisa kiungo chake, mfumo wa namna hiyo hakuna atakayeutaka.

Lawama yetu wenyewe

Sasa turudi kwenye swali la mwalimu. Mwanafunzi alisoma alichoandikiwa. Muuza duka aliuza alichoombwa. Mfasiri alikuwa na neno sahihi katika kamusi na hakulitumia, na hilo ni kosa lake. Lakini kwa nini hakulitumia?

Tunadhani ni kwa sababu neno "keneka" tuliliacha katika orodha kama mtu anavyoacha jembe ghalani. Orodha zetu za istilahi humpa msomaji neno la kigeni upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili, basi. Hazimwambii neno hilo hunyambulishwaje, limetofautianaje na jirani zake, wala lisitumike wapi. Mfasiri aliyeketi usiku na kazi ya kukabidhi asubuhi hawezi kuliamini neno asilowahi kulisikia likitumika katika sentensi. Hukimbilia "safi", kwa sababu "safi" analijua tangu utoto. Ikiwa ni kosa, basi fungu letu katika kosa hilo si dogo.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunawapendekezea wasomaji maneno yafuatayo, pamoja na maelezo yake, wayajaribu na kutuambia yanavyowafaa.

Kukeneka: kukichemsha kiowevu mpaka kiwe mvuke, kisha kuupoza mvuke huo na kuyakusanya matone yake katika chombo kingine.

Ukenekaji: kazi hiyo, iwe ya maji, ya marashi, ya mafuta au ya kileo.

Maji yaliyokenekwa: maji yaliyopatikana kwa ukenekaji. Yasiandikwe "yaliyokeneka", wala "maji safi".

Kikenekeo: chombo au mtambo wa kukenekea, kuanzia sufuria yenye kifuniko cha barafu hadi mtambo wa maabara.

Masalia: kinachobaki katika chombo baada ya mvuke kuondoka.

Maji yaliyoondolewa ayoni: maji yaliyopitishwa katika vidonge vya kunasa ayoni, bila ya kuchemshwa.

Maji ya kuongezea betri na asidi ya betri: vitu viwili, majina mawili. "Maji ya betri" yabaki katika mazungumzo ya gereji, lakini yasiandikwe katika maelekezo, wala katika lebo ya chupa.

Kiowevu cha kupozea: maji yaliyokwisha kutiwa dawa na kuingizwa katika mfumo. Lebo yake iongezwe maneno haya: si ya kunywa.

Rejeta, pampu, mpira, tangi: yabaki kama yalivyo.

Hitimisho

Katika kukihakiki kijitabu hiki tumejifunza jambo moja tunalotaka kuwaachia walimu, wafasiri na maofisa wanaotusoma. Jina la kitu cha ufundi halina budi kusema kilichotendwa juu ya kitu hicho. Likikisifu tu, kila msomaji atakipima kwa sifa anayoijua yeye. Likitaja mahali kinapotumika tu, litapotea siku kitakapotumika mahali pengine. Na pale watu wenyewe walipokwisha kupata jina lisilo na utata, kazi yetu ni kulichukua kwa shukrani.

Mwalimu aliyetuandikia tumempelekea majibu haya pamoja na nakala ya kijitabu tuliyoisahihisha. Tumemwomba jambo moja: awape wanafunzi wake sufuria, bakuli na barafu, wakeneke lita moja ya maji wao wenyewe, kisha waandike kwa Kiswahili walichofanya. Maandishi yao atuletee. Tungependa kuona ni maneno gani waliyoyashika, na ni yapi yamewatoka mikononi.